Umenunua Hilux ya zamani na unataka kuipandisha hadhi? Anza na vile vilivyokuja nayo

Swali lililonifikia nalifupisha hivi: "Fundi habari za kazi. Nimepata Hilux ya 1994, LN106, injini 3L, foo wili. Aliyekuwa nayo alishaongeza bapa kwenye springi za nyuma. Asubuhi inasumbua kuwaka na ikiwaka inatoa moshi mweupe dakika moja hivi, nikipanda mlima na mzigo geji ya joto inapanda, na breki ni kama za nyuma hazipo. Nataka kuiinua inchi mbili, niweke matairi 265/75R16, taa za LED, snokeli, na kama inawezekana turbo. Nianze na nini?"

Nzuri ndugu yangu, na hongera sana, hiyo gari umepata kitu cha maana. LN106 ni ile yenye ekseli nzima mbele na springi za bapa kote, injini ya cc 2,779 (3L ni jina la injini tu, sio lita tatu) isiyo na kompyuta wala sensa za kukusumbua, na hamna kitu chini yake ambacho mtu mwenye spana na subira hawezi kukifungua. Nimezifanyia kazi miaka mingi na bado ikiingia moja gereji naenda kuiangalia hata kama sio zamu yangu.

Ila nikwambie ukweli kabla hatujafika kwenye snokeli, lile bomba la kuvutia hewa ya injini juu karibu na paa. Gari yako imeshakuandikia barua tatu, breki, joto na kuwaka asubuhi, na zote tatu zinadai kitu kimoja, irudishiwe ilivyotoka kiwandani. Hayo mambo mengine uliyoyataja karibu yote yanaongeza mzigo kwenye vitu hivyohivyo vitatu ambavyo tayari vimechoka, matairi makubwa yanadai breki zaidi, turbo inadai rejeta zaidi, kuinua kunavuruga breki ya nyuma (hili nitalieleza kwa kirefu maana watu wengi hawalijui). Kwahiyo tunaanza na kusimama, afu joto, afu kuwaka, afu ndo tuje kwenye mapambo.

Breki sasa. Hapo kwako naona vitu viwili vinawezekana na inawezekana kabisa vyote vipo kwa pamoja.

Cha kwanza ni ile valvu ya kugawa breki kufuata mzigo. Ingia chini ya gari nyuma, juu ya ekseli upande wa chasi utaona kitu kama valvu ya chuma imefungwa kwenye chasi, ina paipu za breki zinaingia na kutoka, na ina mkono mrefu na fimbo inayoshuka mpaka kwenye difu. Kazi yake ni kupima mzigo. Ukipakia, bodi inashuka, ile nafasi kati ya chasi na ekseli inapungua, mkono unasukumwa na valvu inaruhusu presha zaidi iende breki za nyuma. Gari ikiwa tupu bodi inakuwa juu, valvu inabana presha ya nyuma ili matairi yasiburuze ukikanyaga ghafla. Sasa fikiria mtu ameongeza bapa kwenye springi, bodi imepanda inchi moja au mbili, na ile fimbo hajaigusa. Valvu inaona bodi iko juu, inaamini gari ni tupu siku zote, hata ukiwa na tani ya mchanga nyuma yenyewe inabana tu breki za nyuma, na za mbele zinabeba kazi yote. Kwa hayo uliyoeleza, bapa zimeongezwa na breki za nyuma kama hazipo, mimi ndo kitu cha kwanza ningeenda kukiangalia.

Nalisema kwa uchungu kwasababu miaka ya nyuma nilishawahi kuinua gari ya mteja, kazi nzuri kabisa, nikaipa springi mpya na shokamzoba mpya na sikuigusa hiyo fimbo. Akarudi baada ya kushuka mteremko na mzigo, diski za mbele zimebadilika rangi zimekuwa za bluu, fluidi ya mbele ilichemka na pedo ikaenda chini. Alisimama kwa gia na hendibreki, Mungu alisaidia. Tangu siku hiyo sijawahi kuinua gari bila kwanza kupima urefu wa ile fimbo na kuweka alama.

Dawa yake sio kuing'oa valvu na kuunganisha paipu moja kwa moja kama wengine wanavyofanya, ukifanya hivyo siku gari ni tupu na barabara ina maji nyuma itakupita mbele. Dawa ni kurekebisha. Fimbo ina nati za kuongeza au kupunguza urefu, au unatengeneza kipande cha kuinua pale inapofungwa kwenye difu kwa kiasi kilekile bodi ilichopanda, ili mkono urudi kwenye pembe yake ya zamani. Kabla ya hapo hakikisha mkono wenyewe unacheza, maana nyingi zimeshika kutu na hazisogei kabisa. Na ukija kutoa hewa kwenye breki usisahau kwamba ile valvu nayo ina nati yake ya kutolea hewa, watu wanatoa hewa kwenye magurudumu manne wanaiacha hiyo afu wanashangaa pedo bado laini.

Cha pili ni ndani ya madramu. Kwenye hizi Hilux breki za nyuma zinajirekebisha zenyewe kwa kuvuta hendibreki, yaani kila ukivuta, kuna kikamba kinavuta kikono kidogo kilichopo nyuma ya bamba la breki, hicho kikono kinasukuma ndani, na kirekebishi kinazunguka jino moja pale breki shuu zikishaisha kidogo. Hicho kikono cha nyuma kina kifuniko cha raba, raba ikichanika inaingia matope na maji, kinashika kutu, na hapo hamna tena kujirekebisha. Shuu zinabaki mbali na dramu, ukikanyaga pedo nusu ya safari inapotea kuzisogeza tu. Dalili yake ni pedo inaenda chini mara ya kwanza, ukikanyaga mara ya pili harakaharaka inapanda. Fungua, kitoe hicho kikono, kisafishe na brashi ya waya, weka grisi ya joto la juu, weka raba mpya, afu rekebisha shuu kwa mkono mpaka dramu iwe inagusa kidogo sana ukizungusha. Baada ya hapo jizoeze kuvuta hendibreki kila unapoegesha, sio kuacha kwenye gia peke yake, maana hendibreki kwenye hii gari ndo fundi wako wa kila siku.

Ukiwa umefungua angalia shuu kama zimelowa. Kama ni majimaji mepesi ni fluidi ya breki, wili silinda imekufa. Kama ni mazito na yana ile harufu kali ya salfa ni oili ya difu imepita kwenye sili ya ekseli. Na hapa kuna kitu kidogo mno kinachofanya uharibifu mkubwa, kipumuaji cha difu. Kile kidude kidogo juu ya ekseli kama kofia, kikiziba na matope, difu ikipata joto hewa ya ndani inatanuka haina pa kutokea, inasukuma oili kwenye sili, sili inapitisha, oili inaingia kwenye dramu, na wewe unabadilisha sili kila mwaka bila kujua chanzo. Kizungushe kwa vidole, kiwe kinacheza. Nitakirudia nikifika kwenye maboresho.

Vumbi la ndani ya dramu usilipulize na kompresa. Shuu za zamani nyingi zilikuwa na asbestosi na hilo vumbi likiingia kwenye mapafu halitoki, lowesha na maji yenye sabuni ufute na kitambaa. Na tafadhali usilale chini ya gari iliyosimama kwenye jeki peke yake, weka stendi chini ya ekseli au chasi kila mara, hata kama ni kazi ya dakika mbili.

Fluidi yenyewe badilisha yote, maana haijulikani ina umri gani. Fluidi ya breki inafyonza maji kutoka hewani, DOT 3 mpya inatakiwa ichemke sio chini ya nyuzi 205 lakini ikishafyonza unyevu kiwango chake kinashuka mpaka 140, na kwa mteremko mrefu na mzigo nyuzi 140 zinafikiwa. DOT 4 ni 230 na 155. Kila miaka miwili badilisha.

Na busta, ile inayokusaidia kukanyaga breki bila kutumia nguvu nyingi. Injini ya dizeli haitengenezi vakyumu kwenye manifoldi kama ya petroli, kwahiyo 3L ina pampu ya vakyumu iliyofungwa nyuma ya alteneta, shafti moja. Ukiona mtu amekubadilishia alteneta na kukupa isiyo na hiyo pampu, breki zako zitakuwa ngumu kama unakanyaga ukuta. Kupima ni rahisi, zima injini, kanyaga pedo mara tano sita mpaka iwe ngumu, iache mguu umeikandamiza, washa, pedo inatakiwa izame kidogo. Isipozama, fuatilia hozi, chekvalvu na pampu.

Tuje kwenye joto. Geji kupanda mlimani na mzigo, afu tambarare inakaa sawa, mara nyingi ni uwezo wa kupooza umepungua, sio lazima hedi (kile kichwa cha injini juu ya silinda). Ila kwanza tuhakikishe sio hedi maana hapo hesabu inabadilika kabisa. Asubuhi gari ikiwa baridi kabisa (narudia, baridi, usifungue mfuniko wa rejeta wa gari ya moto hata siku moja) fungua mfuniko, jaza maji, washa injini uangalie. Mapovu yakitoka mfululizo bila kuisha, au hozi ya juu ikawa ngumu ndani ya dakika moja wakati injini bado baridi, presha ya silinda inaingia kwenye maji, gasketi au hedi ina shida. Kama ni shwari, endelea.

Swali langu kwako ni je, hiyo gari ina themostati, ile valvu inayofungulia maji njia ya rejeta yakishapata joto? Nauliza kwasababu nusu ya gari za hivi ninazofungua hazina, mtu aliitoa akisema gari za kwetu kuna joto haihitajiki. Sio kweli, na kwenye injini hizi ni hatari zaidi. Themostati ya Toyota ya aina hii ina kisahani cha pili chini, ikifunguka juu kuruhusu maji yaende rejeta, hicho cha chini kinaziba njia ya mkato ambayo maji yanazunguka ndani ya injini tu. Ukiitoa ile njia ya mkato inabaki wazi muda wote, sehemu ya maji haipiti kabisa kwenye rejeta, kwahiyo tambarare injini inakuwa baridi mno na mlimani inachemka, yaani umepoteza pande zote mbili. Na injini ya dizeli inayotembea baridi haichomi mafuta vizuri, dizeli inapita pembeni ya pistoni inaingia kwenye oili, silinda zinaisha mapema. Weka themostati ya aina yake, ya nyuzi 82 au inayolingana na kitabu, na kile kitundu chenye kipini kinachocheza kikae juu ili hewa itoke.

Mfuniko wa rejeta badilisha tu bila kufikiria mara mbili. Ule mfuniko unashikilia presha ya kama 0.9 bar, na kwa presha hiyo maji hayachemki kwenye nyuzi 100, yanasubiri mpaka karibu 118. Springi yake ikilegea umepoteza hizo nyuzi zote, gari inachemka wakati hakuna kilichoharibika.

Afu feni. Hiyo feni ina klachi ya majimaji ya silikoni katikati, ikiwa baridi inateleza, hewa ya moto ikipita kwenye rejeta inashika. Zima injini ya moto, izungushe kwa mkono, inatakiwa iwe nzito, ikizunguka raundi tatu nne peke yake imekufa. Kuna watu wanaifunga na bolti ishike moja kwa moja, mimi sipendi, inakula nguvu na inapiga kelele, ila nimeona watu wamefika nyumbani kwa njia hiyo.

Rejeta yenyewe ing'oe uoshe kwa nje, maji yapite kutoka upande wa injini kwenda mbele, utashangaa matope na wadudu waliojaa katikati ya mapezi yake. Kwa ndani kama mirija imejaa chokaa peleka ifunguliwe na kusuguliwa. Ukirudisha weka kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, sio maji ya bomba, hiyo chokaa imetokea hukohuko. Hozi ya chini ibonyeze, kama ni laini kama nyama ibadilishe maana resi ikipanda inajinyonya na kuziba. Mikanda ya feni ni miwili, inabadilishwa kwa pamoja.

Moshi mweupe wa asubuhi unaofutika baada ya dakika na unanuka dizeli mbichi, mara nyingi ni hita plagi, zile plagi za kupasha joto kila silinda kabla ya kuwaka. 3L ina kompresheni ya 22 kwa 1 lakini dizeli inapulizwa kwenye chumba kidogo cha pembeni cha hedi kwanza, na hicho chumba kikiwa baridi kinanyonya joto lote, ndo maana bila hita plagi inahangaika. Kuna kipimo kimoja kizuri hakihitaji hata kifaa. Wakati unapiga stata na haijawaka, mwambie mtu aangalie ekzosi. Kama moshi mweupe unatoka, dizeli inafika ila haichomeki, tafuta hita plagi, au betri inazungusha polepole, au kompresheni imeshuka. Kama hakuna moshi kabisa, dizeli haifiki, inarudi nyuma usiku kwasababu kuna mahali hewa inaingia. Kwa hiyo ya pili, kabla ya kuwasha piga ile pampu ya mkono iliyopo juu ya filta ya dizeli mpaka iwe ngumu, ikiwaka kirahisi umeshapata jibu, badilisha hozi ndogondogo na oringi za filta.

Hita plagi zenyewe toa ile bati inayoziunganisha zote nne, chukua multimita upime kila moja peke yake kwenda kwenye bloku. Nzima inasoma chini ya omu moja au mbili hivi, iliyokufa haisomi kitu. Mbili zikifa, gari bado inawaka kwa shida, hivyohivyo ilivyo yako. Ukinunua soma volti iliyoandikwa kwenye plagi ya zamani, na uhakikishe ndo yenyewe iliyokuja na mfumo wa hiyo gari, kwasababu Toyota wametumia za volti tofauti kufuata mfumo, kuna za 6 na kuna za 11 au 12. Ukiweka za volti 6 kwenye mfumo unaotoa 12 muda mrefu, au ukifunga swichi ya kubonyeza kwa mkono, ncha inavimba, inakatika inaangukia ndani. Hapo unafungua hedi kwa kosa la sekunde kumi.

Betri na nyaya za ethi uziangalie siku hiyohiyo. Betri iliyojaa ikiwa imepumzika inasoma volti 12.6, injini ikiwaka inatakiwa iwe kati ya 13.8 na 14.4. Afu weka ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bloku ya injini, mtu apige stata. Ikizidi nusu volti, waya wa ethi umeoza ndani na wewe ulikuwa unataka kununua stata mpya bure. Nimeokoa stata nyingi kwa waya mmoja mnene.

Sasa hili hukuuliza ila lisipofanyika hayo mengine yote hayana maana, mkanda wa taiming. 3L inatumia mkanda, sio cheni, na huo mkanda unazungusha kamshafti na pampu ya dizeli kwa pamoja. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni. Taa ya T-BELT kwenye dashi imewekwa iwake kila kilomita 100,000, lakini kwa gari ya umri huo usiiamini, inawezekana mtu aliirudisha bila kubadilisha mkanda au alichomoa balbu. Kama huna uthibitisho wa maandishi umebadilishwa lini, uhesabu haujabadilishwa. Ukibadilisha weka na kipuli chake cha kukaza, na oili sili za kranki na kamshafti, maana oili ikidondokea mkanda mpya unaisha kabla ya wakati wake. Pampu ya maji kwenye injini hii inazungushwa na mikanda ya nje kwahiyo sio lazima uifanye kwa wakati mmoja, ila kama ina mchezo kwenye shafti au alama ya kuvuja kwenye kitundu chake, usiiache.

Oili nitapita haraka. Ya injini na filta kila kilomita 5,000, dizeli za zamani zinachafua oili upesi, kuwa nyeusi baada ya siku mbili ni kawaida. Giaboksi weka GL-4 kwasababu ya shaba ya sinkro, difu zote mbili GL-5, ukifungua difu kama oili imekuwa kama maziwa ya chai maji yameingia. Filta ya dizeli ina nati chini ya kumwagia maji, ilegeze mara moja kwa mwezi. Propela ina nipo kwenye krosi na kwenye sehemu inayoteleza, piga grisi kila ukibadilisha oili, na kila baada ya kupita kwenye maji mengi. Kwa mbele angalia yale mabakuli ya duara nyuma ya magurudumu, grisi yake ikiwa nyepesi na inachuruzika, oili ya difu imepita sili ya ndani, hiyo ni kazi ya siku nzima na inachafua kweli lakini ifanye, viungio vya ekseli vilivyomo humo vinaishi kwa hiyo grisi.

Na kutu. Chukua nyundo ndogo ugonge chasi yote nyuma ya kabini, pale springi zinaposhikilia, na juu ya ekseli. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti ya kufa. Usiinue gari juu ya chasi iliyooza, hilo sina mjadala nalo.

Haya, hayo yakikamilika tuje kwenye ulichouliza, na hapa nitakuwa na furaha zaidi maana kuna vitu vidogo vinaibadilisha hii gari kabisa.

Taa. Usianze na LED. Kwenye gari hii umeme wote wa taa unapita kwenye swichi ya usukani na nyaya nyembamba za miaka zaidi ya 30, na balbu mbili za wati 60 zinavuta kama ampea 10. Washa injini, washa taa kubwa, pima volti kwenye betri afu upime nyuma ya balbu. Utakuta betri 14 na balbu 12 au chini ya hapo. Na taa ya halojeni ikipoteza asilimia 10 ya volti inapoteza kama asilimia 30 ya mwanga, kwahiyo taa zako sio mbaya, zina njaa. Weka rilei (swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa) mbili karibu na betri, moja ya chini moja ya juu, waya wa milimita mraba 4, fyuzi karibu kabisa na betri, ethi mpya kila upande, na zile nyaya za zamani zibaki za kuamsha rilei tu. Angalizo, Toyota nyingi za zamani zinawasha taa kwa upande wa hasi sio chanya, kwahiyo ukinunua nyaya zilizokwisha kuunganishwa pima kwanza gari yako ni ipi. Balbu za LED kwenye taa iliyochongwa kwa ajili ya halojeni hazikai kwenye kitovu chake, mwanga unatawanyika, wewe unaona mweupe unaridhika na anayekuja mbele haoni kitu. Ukitaka LED weka taa za ziada zenye glasi yake, za kuzima ukikutana na watu.

Vipumuaji vya difu na giaboksi vipandishe juu kwa hozi mpaka kwenye chumba cha injini, chini ya boneti. Ukitoka kwenye mwendo mrefu ukaingia mtoni difu ikiwa ya moto, inapoa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na inavuta maji kupitia popote. Hozi mita chache na vibano, kazi ya mchana mmoja, na kwangu hili ndo boresho namba moja kwa foo wili yoyote, liko mbele ya snokeli.

Snokeli yenyewe sio mbaya. Faida yake ya kila siku ni hewa yenye vumbi kidogo, filta inadumu. Ila haikupi ruhusa ya kuzama mpaka umefunga kila kiungio na silikoni mpaka kwenye boksi la filta, na ukaziba ule mpira wa kutolea maji chini ya boksi. Kiungio kimoja kikiachia, maji yanaingia silinda, maji hayabanwi, konrodi inapinda.

Matairi 265/75R16. Kama ya sasa ni 205R16 ya kawaida, hayo ni makubwa kwa asilimia kama 8 ya mzunguko. Maana yake spidomita ikisema 80 wewe uko 86 au 87, na gia zote zimekuwa ndefu kwa injini yenye farasi kama 90 tu isiyo na turbo. Mlima uliokuwa unapanda na gia ya tatu utaupanda na ya pili, na joto lako linarudi. Yanataka pia rimu ya upana wa inchi 7 mpaka 8, za chuma zilizokuja na gari kwa kawaida ni nyembamba kuliko hapo. Mimi ningekushauri ubaki na saizi ya kiwandani au upande kidogo sana, uchague tairi lenye meno mazuri na uwezo wa mzigo. Na yoyote utakayonunua soma zile namba nne za mwisho baada ya DOT, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, tairi "jipya" lililokaa stoo miaka sita usilipokee.

Kuinua inchi mbili inawezekana na LN106 inalibeba vizuri, ila kwa springi kamili zilizotengenezwa kwa mzigo wako, sio kuongeza bapa juu ya bapa. Hizo zilizoongezwa ningezitoa kabisa. Yu-bolti, zile zinazobana springi kwenye ekseli, weka mpya, zikishakazwa mara moja zimevutika hazirudiwi, na baada ya kilomita kama 500 rudi ukaze tena. Hozi za breki lazima zifike bila kuvutwa gurudumu likining'inia. Na ile fimbo, umeshajua. Kitu kingine, springi ngumu hazikuongezei uwezo wa kubeba, ekseli, beringi na breki ni zilezile.

Turbo kwa sasa hapana. Joto la hivyo vyumba vidogo vya hedi ndo linapasua hedi za familia hii ya injini, 2L-T iliyokuja na turbo kutoka kiwandani inajulikana kwa hilo. Kwa gari inayopandisha geji bila turbo, unaongeza moto kwenye moto. Badala yake weka geji ya kweli ya joto la maji yenye namba, na kengele ikifika nyuzi 100, maana ile ya dashi ikija kukuonyesha hatari tayari umechelewa. Kaa nayo mwaka mzima wa mizigo na milima. Kama haijavuka mahali pake hata mara moja, tutazungumza turbo ndogo yenye presha ya chini, na geji ya joto la ekzosi iwe imefungwa kabla ya turbo yenyewe.

Kwa wikiendi hii fanya tatu tu, toa dramu za nyuma uangalie vile vikono, pima hita plagi nne, na ufungue nyumba ya themostati uone kama kuna kitu ndani. Piga picha ya ile fimbo ya valvu ikionekana na pembe yake gari ikiwa tupu, nitumie na usomaji wa kila plagi nikuambie urefu wa kipande cha kutengeneza.